Fundi wa jezi wa Mchangani: mchezaji wako wa utotoni atakuwekea mgongoni, ila kwanza utahojiwa

Kila siku naona watu wanauliza wapi hapa Unguja mtu anaweza kuprintiwa jezi yenye jina la mchezaji wake wa zamani, wa kwetu, sio Messi sio Ronaldo, na majibu ni yale yale, agiza Kariakoo, agiza mtandaoni. Jamani hamna haja. Nendeni Mchangani. Duka halina bango na mwenyewe hapendi kuandikwa jina kwa hiyo simuandiki, lakini ukitokea Darajani ukaingia na vichochoro vya maduka ya mabuibui na vitambaa, ukiona benchi limejaa wazee wanabishana mpira ujue ushafika. Ukilikuta benchi halina mtu basi wamekwenda kusali, subiri hapo hapo.

Nampa nne kati ya tano. Hiyo moja aliyoikosa ntaieleza huko mbele na ni haki yake kuikosa.

Anachouza ni hivi. Ana jezi tupu za rangi zote, zile za kitambaa cha matundu madogo madogo, zinatoka Dar, wewe unasema mgongoni uwekewe nini na kifuani nini. Mie nimelipa elfu 25 jezi pamoja na maandishi yote, za watoto elfu 15, na ukenda na jezi yako mwenyewe unalipa maandishi tu. Pia anashona kuanzia kitambaa, kola ya kizamani yenye vifungo, mikono mirefu ukitaka, hiyo bei inapanda na muda unapanda zaidi. Najua kuna pahala wanaprinti kwa bei ya chini kuliko hiyo, nshapita, lakini huko unaandika jina kwenye kikaratasi, kijana anapiga pasi, anakupa, kwaheri. Huyu hakupigii herufi hata moja mpaka ajue unamtaja nani na wa mwaka gani, na asipojua yeye anauliza benchi, na benchi likishaulizwa basi wewe kaa chini uagize kahawa.

Mie nilikwenda namtaka Nadir Haroub, beki wa zamani wa Malindi. Sisi tuliokulia Malindi, kule chini Funguni, miaka ile ya elfu mbili na kidogo, timu ilikuwa moja tu. Wenzangu skuli walikuwa wakibandika picha za waimbaji ndani ya daftari, mie n'na Nadir, nimemkata kwenye gazeti, nimemgandisha kwa uji wa ngano kwa sababu gundi nyumbani hapana. Ami yangu ndo alokuwa akinchukua Amaan, ananunua karanga za kupima kwa kikopo, ananikalisha mbele yake kwenye yale majukwaa ya saruji nisipotee, na watoto wote wanamuangalia mfungaji mie namuangalia beki. Mpira wa juu ukija siuangalii mpira, namuangalia yeye. Ami alikuwa akicheka, anawaambia wenziwe huyu mtoto atakuja kuwa refa maana haangalii goli.

Na jina la Cannavaro tulimpa mapema, kabla huyo wa Italia hajafika alikofika. Halafu angalia mambo yalivyokwenda, 2006 Cannavaro wa Italia ananyanyua Kombe la Dunia na mwaka huo huo Cannavaro wa kwetu anavuka maji kwenda Yanga, akakaa huko mpaka akawa nahodha, 2009 akaenda mpaka Canada kwa Vancouver Whitecaps, akarudi, akaendelea kucheza mpaka 2018. Mie kwa upande wangu siku alokwenda Yanga nilinuna. Mtu mzima sasa hivi nasema poa, mchezaji lazima aende mbele, lakini mtoto hajui hayo, mtoto anajua kachukuliwa.

Basi nimefika dukani, nimesalimia, nimeeleza haja yangu. Fundi anauliza:

"Nadir yupi, wa Malindi au wa Yanga?"

"Wa Malindi."

"Namba?"

"Ishirini na tatu."

Benchi zima likacheka. Sio kicheko cha kunidharau, kile kicheko cha wazee cha "huyu mtoto wetu lakini". Mmoja mwenye kofia ya kiua, akageuka kunitazama dirishani, akaniambia, "Mwanangu, ishirini na tatu ya Yanga hiyo. Ukimwandikia Malindi kifuani na ishirini na tatu mgongoni utakuwa umewaozesha watu wasiojuana."

Ikaanza darsa. Akanieleza kwamba zamani namba haikuwa ya mtu, ilikuwa ya kazi. Jezi zinakuja kwenye mfuko, moja mpaka kumi na moja na za akiba, anayeanza golini anavaa moja, beki wa kulia mbili, beki wa kushoto tatu, nne na tano ndo mabeki wa kati, sita kiungo mkabaji, saba winga ya kulia, kumi na moja winga ya kushoto. Leo unavaa sita kesho umehamishwa mbele unavaa tisa. Ndo maana mpaka leo mtu wa mpira hapa akikwambia "yule namba tatu mzuri" hamaanishi ameandikwa tatu, inawezekana mgongoni kaandikwa 33, anamaanisha anacheza beki ya kushoto. Hichi kitu nilikuwa nakitumia maisha yangu yote bila ya kukaa nikakifikiri.

Kwa hiyo tukafika kwenye mkwamo, fundi akasema wazi, ishirini na tatu atanipigia kwa sababu ni namba yake kweli, lakini kifuani Malindi haandiki. Nikamwambia pesa yangu mie. Akasema pesa yako na jina langu, watu watauliza kaprinti nani. Mfanyabiashara gani huyo anakataa kuandika herufi saba za kulipiwa? Nikachukua jezi ya buluu, mgongoni NADIR 23, kifuani UNGUJA. Hapo akaridhika na benchi likaridhika, mzee wa kofia ya kiua akanambia sasa imekaa.

Kwa nini NADIR na sio CANNAVARO, hilo nalo lilichukua kikombe kizima cha kahawa. Ukiandika Cannavaro vijana wa siku hizi watadhani ni yule wa Italia, sawa, lakini ukiandika Haroub nani uwanjani aliwahi kumwita Haroub? Na hapo benchi likahamia kwenye majina ya utani, na hapa ndo nilipoona wazee hawa wana akili. Mmoja anasema unaweza kujua mchezaji wa Zanzibar alianza mpira miaka gani kwa kuangalia jina lake la utani tu. Ile miaka ambayo kila baraza ilikuwa ikiangalia ligi ya Italia ndo tukapata Cannavaro, ndo tukapata Khamis Mcha "Viali" aliyekuwa Azam. Wakaja wengine majina mengine kabisa, Khamis Mussa ni Rais, Mohamed Issa ni Banka, Abdallah Shaibu ni Ninja. Na kocha Hemed Suleiman yeye ni Morocco, na mwaka 2025 kwenye CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, yuko na Taifa Stars robo fainali pale Dar wanatolewa bao moja kwa bila na nani? Na Morocco. Mzee alipofika hapo alishindwa kumaliza sentensi kwa kucheka, na ni wazi ile hadithi keshaihadithia mara nyingi.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, maana hii ni riviu sio hadithi za baraza. Ana roli za plastiki nyembamba za rangi, mashine ndogo inakata herufi kufuata kompyuta, halafu anachukua sindano ya kushonea ya kawaida anachomoa vipande visivyotakiwa kimoja kimoja, kile cha ndani ya A, cha ndani ya D, cha ndani ya R, anavigandisha kwenye kidole gumba chake cha kushoto mpaka kidole chote kinakuwa cheupe. Anapima kwa rula kutoka kwenye mshono wa kola kushuka, sio kwa macho. Anafunika karatasi, anashusha ile pasi kubwa ya bapa, na ijapokuwa mashine ina saa yake inayolia yeye anahesabu kwa mdomo, taratibu, na ukimsemesha hajibu. Ananyanyua, anaiacha ipoe, ndo anachuna ile karatasi ya juu kuanzia pembeni. Nilimuuliza mbona haichuni ikiwa moto kama wengine, akanambia kila plastiki na tabia yake, hii ukiharakisha inakuja na karatasi.

Matokeo yake, jezi yangu nshaifua kwa mkono, nshaifua kwa mashine, imeanikwa juani mchana kutwa kwenye paa, na hakuna ukingo ulionyanyuka. Nalisema hili kwa sababu nina jezi nyengine niliprinti zamani pahala pengine, sipataji, mfuo wa kwanza tu namba nane ikabaki tatu. Hapa hilo hapana. Kitambaa chenyewe ni cha wastani, hakichanguki lakini ukitoka jasho kinakuganda, ukitaka kitambaa kizuri zaidi mwambie akushonee.

Ami yangu yeye alitaka ya kushonwa. Nilipomuonesha yangu akaitazama mbele akaitazama nyuma, hakusema kitu, kesho yake ananiuliza duka liko wapi. Tukaenda pamoja. Kumbuka huyu ndo mtu wa Malindi ya 1989 na 1992, zile za ubingwa wa Muungano, wakati timu za huku na za Bara ziko kwenye bakuli moja na timu ya mtaani kwetu inawatoa watu wa Dar wote kapa. Ukimtajia hivyo anakaa sawa kwenye kiti. KMKM, timu ya kikosi cha kuzuia magendo, walikwishafanya hivyo 1984 na ami analikubali hilo kwa shingo upande, anasema wale kikosi kile, wana mishahara, wana gari, sisi tulikuwa mtaa.

Fundi akamuuliza kama anavyowauliza wote. Timu, Malindi. Mwaka, 89 au 92? Ami anasema zote mbili. Namba, kumi na moja. Jina?

"Hapana jina."

"Ami, jina bei ile ile, hakuongezei kitu."

"Nshakwambia hapana jina. Kwani wakati ule liliandikwa? Aliyekuwepo anajua kumi na moja ni nani."

Fundi akatuangalia, mie nikanyamaza maana namjua mtu wangu. Akaandika kwenye daftari lake, ana daftari kubwa la jalada gumu la kufungia hesabu, kila oda iko humo, timu, mwaka, namba, jina na nani kathibitisha. Kwenye jina akachora mstari. Halafu mzee mmoja wa kwenye benchi, kasikia yote, akasema kwa sauti jina la winga wake. Ami akatabasamu, akainua kidole. Kabla hajakishusha mwengine akasema hapana, kumi na moja ya 89 alikuwa fulani, huyo wako kaja baadae. Majina mawili tofauti. Wakaanza kutaja mechi, nani alipiga krosi, upande gani wa uwanja, mvua ilinyesha au haikunyesha, na ami yangu ambaye alikuja kwa dakika kumi tu akasahau kama ana mgonjwa wa kwenda kumtazama Mnazi Mmoja. Tumeondoka pale maghribi inaadhiniwa na halijaisha. Jezi ilipotoka, kwenye mkono ina 89 na chini yake 92, ndogo, kwa uzi, imetulia. Mgongoni kumi na moja peke yake. Kola imekaa vizuri sana na vifungo vya kweli sio vya kubandika. Ami anaivaa Ijumaa jioni akenda barazani na nna hakika anaivaa makusudi ili mtu amuulize.

Kuna mambo mengine niliyaona pale siku za kusubiri, na ndo yaliyonifanya niandike hii kwa urefu. Alikuja kijana, mtoto wa chuo, anataka jezi ya Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa ya Zanzibar, ya 1995. Kwa wasiojua, hiyo ndo ile siku yetu, Chalenji ya Uganda, lile kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati, ndo kombe pekee la Chalenji tulilowahi kulibeba mpaka leo, na kila mzee wa pale ana pahala alipokuwa siku ile, na wengi wao walikuwa na redio. Mie 1995 nlikuwa mchanga sina nnachokumbuka, lakini nimehadithiwa mpaka nahisi nilikuwepo. Basi kijana kaja na picha kwenye simu kaitengeneza mwenyewe, jezi nzuri kweli, kifuani bendera ya Zanzibar, buluu, nyeusi, kijani. Fundi kaangalia, kaita nje, "Nyie, 95 tulikuwa na bendera?" Likajibiwa kwa pamoja. Bendera hii tumeanza kuipandisha Januari 2005, miaka kumi baadae. Kijana akasema kwani nani atajua. Fundi akamuonesha benchi. Akampigia jezi bila ya bendera, kifuani ZANZIBAR tu na mwaka, na wallahi ilitoka nzuri zaidi kuliko ile ya picha.

Na ukiingia ndani, nyuma ya mlango kwenye msumari, kuna jezi imening'inia ndani ya mfuko wa nailoni, kijani, mgongoni imeandikwa ZANZIBAR 55. Nikauliza nani huyo namba 55. Kumbe mteja mmoja aliiagiza Machi 2017, wiki ile CAF, shirikisho la mpira la Afrika, walipotupokea kuwa mwanachama wa 55, watu walikuwa wanapiga honi barabarani, akalipa nusu. Ilipofika Julai CAF wakatufuta, wakasema hatukustahiki kuingia kwa sababu nchi ni moja na chama ni kimoja. Mwenye jezi hakurudi tena. Fundi kaambiwa na watu kadhaa awauzie, hauzi, anasema ni ya mtu.

Mwaka ule ule wa 2017 lakini, Disemba, ndo tukaenda Kenya na Heroes, hatuna CAF hatuna chochote, tukawafunga Bara mbili moja, nusu fainali tukawafunga Uganda ambao ndo mabingwa watetezi mbili moja, fainali Machakos na wenyeji wenyewe. Khamis Mussa Rais anasawazisha mwisho mwisho, muda wa nyongeza Kenya wanapata la pili na Rais anarudisha tena. Mbili mbili. Halafu matuta. Kipa wao Matasi akapangua tatu. Hii mie nimeiangalia kwa macho yangu, nimelia kwa macho yangu, na ni mtu mzima. Fundi anasema jezi ya RAIS ndo aliyoiprinti kwa wingi zaidi miezi ile, waliinunua mpaka kina mama wa sokoni. Yupo mtu aliyewahi kumwomba kwa mzaha ampigie MATASI. Anasema alimrudishia jezi yake bila ya kumjibu.

Benchi lina upendeleo wake, nalo nalisema. Ukitaja Malindi au KMKM au Heroes utahudumiwa kama mfalme. Ukitaja Mlandege wanakunja pua kidogo, na hili mie silielewi, timu imechukua Kombe la Mapinduzi mara mbili mfululizo, 2023 kwa Singida na 2024 kwa Simba mwenyewe pale Amaan mpya, bado mtaitazamaje kwa upande? Vijana wa sasa hivi ndo utoto wao huo, miaka ishirini ijayo watakuja hapo hapo kuagiza jezi ya 2024 na nyie hampo. Nililisema hili na nikaambiwa ninywe kahawa yangu inapoa. Na watu wa Pemba wana malalamiko zaidi. Alikuja bwana mmoja wa Wete anataka ya Jamhuri, timu ya kwao, wazee wa benchi wakawa hawana la kusema, hawajui, hata kubishana hawakubishana, na yule bwana akawaambia, "Nyie mpira wenu unakomea bandarini." Kweli kabisa. Ikabidi fundi apige simu Pemba kumuuliza mtu huko, akaandika kwenye daftari kathibitisha nani, na kazi ikafanyika. Ila lile benchi linataka mzee mmoja wa Kipemba kwa haraka. Januari 2025 pale uwanja wa Gombani, Pemba, Heroes wamewafunga Burkina Faso mbili moja wakachukua Mapinduzi, kuna watoto wa Chake pale wameona kitu ambacho sie wa mjini tumekiona kwenye tivii.

Bwana mmoja mwengine katoka Maskati, likizo, kanunua tatu za Abdi Kassim Babi kwa mkupuo, yake na za watoto wake ambao hata hawajawahi kumuona Babi. Akawa anawaeleza pale pale dukani, huyu ndo aliyefunga goli la kwanza kwenye uwanja mpya wa Taifa Dar, 2007, tulicheza na Uganda, uwanja wote ule wa watu wa Bara na wa kwanza kuutoboa ni mtu wa Unguja. Watoto wanatazama simu. Yeye hajali, anaendelea, Mtibwa, Yanga, Azam. Nikajiona mie miaka kumi ijayo.

Sasa ile nyota moja iliyopotea. Muda. Huyu bwana neno lake ni "kesho" na kesho yake haina tarehe. Jezi ya kuprinti tu ambayo kazi yake ni nusu saa nimeisubiri mpaka nikaona haya kupita njia ile. Ya ami ya kushona ndo usiseme. Sio uvivu, anafanya kazi peke yake na kila oda inageuka mjadala, lakini mteja mwenye safari ataumia. Kama unasafiri usiende wiki ya safari. Pili saizi, zile jezi tupu zinaandikwa laji lakini ni midiamu ya mtu mwembamba, chukua kubwa kuliko unayoivaa, na pahala pa kujaribia hapana, wanawake zaidi mtapata tabu, mie niliijaribu juu ya buibui. Tatu joto, ndani kuna feni moja na hiyo feni inaelekezwa kwenye kompyuta. Wanawake msiogope lile benchi lakini, ndani kuna kiti, wazee wana adabu zao na kahawa watakuagizia bila ya kuuliza.

Nendeni baada ya laasiri, asubuhi yupo lakini benchi halijajaa na bila ya benchi unapata jezi tu. Chukueni pesa taslimu, kwa simu anapokea ila mtandao mule ndani unakata. Mwambieni mwaka kabla ya jina. Fueni kwa kugeuza nje ndani na msipige pasi juu ya maandishi. Pemba anatuma kwa boti, unalipa kwanza, na kwa ninavyosikia inafika.

Mwanangu wa kike ana miaka saba na yeye hataki kusikia habari ya Nadir, anataka Fei Toto, namba sita, ya kijani. Nimeshaagiza, benchi limeipitisha bila ya ubishi, namba sita na anacheza hapo hapo kwenye sita au nane, wazee walifurahi kweli. Jana nimempigia fundi kuuliza. Kanambia kesho.